Mtani Aliniambia Gari Bovu, Nikacheka

Nianze kwa kuwapunguzia kazi ya kunihurumia: mimi sikutapeliwa. Niliambiwa ukweli wote, mchana kweupe, kwa sauti kubwa, mbele ya watu wenye masikio yao. Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Halafu nikatoa pesa.

Kosa ni langu. La gari nimeshajisamehe, maana gari ni chuma tu. Ninalotaka kuungama hapa ni la mtu niliyempoteza kwa sababu ya hilo gari. Hajafa. Yupo hapa hapa Nachingwea, namwona kila wiki, ananisalimia vizuri sana. Na hilo ndilo tatizo lenyewe, jamani. Ananisalimia vizuri!

Mimi ni Mmwera wa Nkowe, upande wa Ruangwa. Nilihamia Nachingwea mjini miaka ya tisini, baada ya kumaliza kidato cha nne na kukubaliana na hesabu kwamba kila mtu apite njia yake. Nina kaduka mbele ya nyumba: sabuni, mafuta ya taa, madaftari, betri za redio. Kutoka kitandani hadi kazini ni mlango mmoja. Watu husema nina bahati. Mke wangu, mama Asha, ana jina lingine la hali hiyo, sitaliandika.

Napenda nyumbani. Napenda kiti changu, redio yangu, na kusikia mvua nikiwa upande wa ndani wa bati. Safari pekee niliyokuwa naifanya bila kusukumwa ilikuwa ya kwenda bucha, na hiyo si kwa sababu ya nyama. Ni kwa sababu ya Bakari.

Bakari si jina lake, lakini muuza nyama ni kweli. Ni Myao, na Wayao na sisi Wamwera ni watani. Kwa msomaji wa huko ambako utani ni kuchekeshana tu, nieleze kidogo. Kwetu mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akakuvua kofia kichwani akaenda nayo kwake, akazuia jeneza la babu yako njiani hadi apewe chochote. Na wewe huruhusiwi kukasirika! Ukikasirika, wewe ndiye mkosaji. Unatozwa kuku, watu wanacheka, yanaisha.

Basi nilikuwa nikichomoza tu pale bucha, nasikia:

"Ficheni panya wenu! Mmwera huyo anakuja, ana njaa!"

"Nimekuja kuuliza kama ng'ombe huyu ulimchinja au alikufa mwenyewe."

"Alijiua. Alisikia utamla wewe."

Nikiomba nyama laini ananikatia goti. Nikilalamika ananiongezea kwato. "Tafuna hiyo, upate kazi ya kufanya, maana dukani kwako naona unalala tu." Watu wanacheka, nami nacheka, naondoka na mfuko wa mifupa. Nikifika nyumbani, mama Asha akimimina, chini kabisa ya mifupa kuna kipande cha ini ambacho sikukilipia. Miaka na miaka. Hatukuwahi kuliongelea hilo ini, hata siku moja.

Sasa tuje kwenye ujinga wangu.

Mama yangu mzazi alikuwa Nkowe, peke yake, na miguu yake ilikuwa imeanza kumsumbua. Kila nilipotakiwa kwenda kumwona nilikuwa na udhuru. Masika, matope. Kiangazi, vumbi. Baiskeli, mgongo. Bodaboda ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza, na dereva niliyemjua alikuwa ameshaanguka nayo mara nyingi kuliko alivyofika. Nikawa na wimbo wangu: "Ningekuwa na gari, ningekwenda kila Ijumaa."

Nilikuwa nasema hivyo kwa sababu nilijua sitakuwa na gari. Udhuru mzuri huo! Sikufikiria kwamba kuna mwaka korosho zitakubali, za kwetu na za mama Asha alizorithi kwao, zote pamoja.

"Haya," mama Asha akasema. "Nunua hilo gari. Kila Ijumaa, si ndivyo ulivyosema?"

Nikabanwa na maneno yangu mwenyewe.

Wiki hiyo hiyo likatokea gari pale sokoni. Lililetwa na bwana mmoja kutoka Masasi, amevaa miwani myeusi hata akiwa kivulini. Basi nimwite Miwani. Gari lenyewe lilikuwa jeupe, fupi, limeinama mbele na nyuma kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Watu wamelizunguka. Miwani akalitia ufunguo, akabonyeza kitu. Kimya.

"Limewaka?" mtu akauliza.

"Limewaka," Miwani akajibu.

Kimya kile kile. Kisha gari likasogea! Bila mngurumo, bila moshi, kama mtu anayetoka msikitini katikati ya hotuba. Watu wakaruka pembeni. Nami nikapenda, palepale. Mimi ni mtu wa nyumbani, sipendi kelele. Nikaona hili ni gari lililoumbwa kwa ajili yangu.

"Hii ni haibridi, mzee," Miwani akaniambia. "Inatumia mafuta na umeme. Ukishuka mlima, inazalisha umeme yenyewe."

"Na nikipanda?"

"Ukipanda, inautumia."

"Kwa hiyo nikipanda na kushuka tumemalizana?"

Akavua miwani akanitazama kwa heshima. "Umeelewa haraka sana. Wengi hawaelewi."

Jamani, mtu akikwambia umeelewa haraka, kimbia! Mimi nilisimama nikatabasamu.

Nikachungulia kwenye dashibodi. Kilometa zilikuwa zimepita laki tatu. Hata mimi nisiyetoka nyumbani nilijua hizo ni nyingi.

"Mbona limetembea namna hii?"

"Gari limetembea, ndiyo, siwezi kukudanganya. Lakini injini imebadilishwa. Iliyotembea siyo hii."

Hapo ndipo elimu yangu ya kidato cha nne ilipofanya kazi yake ya mwisho. Nikawaza: kumbe hizo kilometa ni za injini ya zamani, na injini ya zamani imeondoka nazo. Mtu akitembea kwa miguu hadi Lindi, kisha ukambadilishia miguu, atakuwa amechoka? Hawezi! Nikamwambia Miwani anisubiri nijipange, nikaomba alipitishe gari pale bucha ili Bakari aone ninavyopanda daraja.

Bakari akatoka na kisu mkononi. Akalizunguka gari taratibu. Akainama akachungulia uvunguni. Akaanza kucheka.

"Mtani, hili umeshalinunua?"

"Karibu."

"Usinunue. Hili limechinjwa hapa nyuma ya bucha yangu. Walikuja kuniazima mnyororo na kulabu. Injini yake ilining'inia kwenye kulabu yangu kutwa nzima kama paja la ng'ombe, wateja wakawa wanauliza kilo bei gani! Wakatumbukiza nyingine waliyokuja nayo imefungwa kwenye viroba. Haikuingia vizuri, wakaipiga mateke."

Watu hoi. Mimi hoi zaidi. Miwani naye akacheka, tena yeye alicheka kwa muda mrefu kuliko wote.

"Myao kaona wivu!" nikajibu. "Kwao usafiri wa maana ni punda wa kuazima!"

"Nakwambia kweli, Mmwera."

"Kama ulivyoniambia kweli kwamba mke wangu ametoroka na fundi cherehani? Nilikimbia hadi nyumbani na ndala moja!"

"Kwani hakuwa kwa fundi cherehani?"

"Alikwenda kupima gauni!"

Kicheko kikafunika yote. Nikaondoka nimeshinda. Ndivyo nilivyodhani.

Jioni, kabla ya magharibi, Bakari akaja nyumbani. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, maana hakuwa na kawaida ya kufunga bucha mapema. Akaingia barazani bila tusi la kuanzia. Hakunivua kofia. Hakuuliza kama tumebakiza mkia wa panya. Akavuta kigoda.

"Mtani, hebu kaa," akasema.

Nikakaa.

"Lile gari liache. Nimeona kwa macho yangu. Na wewe, shemeji, mzuie mumeo. Hizo korosho ni zako pia."

Ndugu msomaji, hapo ndipo pa kunipigia kofi. Mtu ambaye hajawahi kusema na mimi sentensi tatu bila kunitukana, kaja kwangu, kakaa, kanyoosha maneno. Mtoto mdogo angeshtuka. Mimi nikawaza: leo Myao kajiandaa! Utani wa leo ni wa kiwango cha juu, hata uso haucheki. Nikaanza kusubiri pale atakapouangusha. Alivyokaa kimya, ndivyo nilivyozidi kubana kicheko. Mwisho kikanitoka puani.

Bakari akainuka. "Haya," akasema, akaenda zake.

"Mbona kama hatanii?" mama Asha akauliza.

"Ndivyo wanavyotania wakikomaa," nikamjibu.

Nikanunua gari.

Siku za mwanzo, niseme kweli, nilifaidi. Leseni ninayo, niliipata ujanani nikiendesha trekta la ushirika. Nilikuwa nikipita mitaani hakuna anayesikia. Kuku hawakimbii, mbuzi hawainuki, bibi mmoja bombani aligeuka akakuta gari limesimama mgongoni kwake akasoma dua zote anazozijua, na nyingine nadhani alizitunga palepale. Watoto wakasema gari langu linaendeshwa na majini. Bakari, nikipita mbele ya bucha, alikuwa anatoka nje, anavua kofia, anaiweka kifuani kama mtu anayepitiwa na msiba. Nami nampigia honi.

Ijumaa ya kwanza nikaenda Nkowe. Nikafika! Mama akatoka, akaligusa gari kwa ncha ya kidole, akaniuliza mbona halipumui. Nikamwambia twende mjini ukakae na wajukuu. Akafunga mzigo: maboga, kunde, jogoo mmoja. Akaketi kiti cha nyuma, katikati, kama mkuu wa wilaya.

Tulikuwa hatujafika mbali, tunapanda mwinuko, taa zikaanza kuwaka kwenye dashibodi. Nyekundu. Njano. Nyingine nyekundu. Moja ilikuwa na picha ya gari, na ndani ya gari alama ya mshangao. Yaani gari lilikuwa linajishangaa lenyewe!

Likasimama.

"Limezima?" mama akauliza.

"Halijazima, mama. Hili halina sauti."

"Mbona haliendi?"

"Linachaji."

Mama akasogea mbele. "Ulisema linachaji likiwa linashuka."

Kumbe alinisikiliza. Mama yangu hakusoma hata darasa moja, na alielewa taratibu kuliko mimi niliyeelewa haraka.

Moshi ukaanza kutoka mbele. Jogoo akawika. Tukashuka.

Kijana mmoja wa pikipiki akatuletea fundi kutoka Ruangwa. Fundi akafungua boneti, akaita wenzake wawili waliokuwa wanapita njia waje waone. Injini ilikuwa imeshikwa na waya upande mmoja, na upande mwingine na kipande cha ubao. Ubao, wasomaji! Wa mwembe, nadhani.

"Hii injini siyo ya gari hili," fundi akasema. "Haielewani na betri."

"Huwa zinaelewana?"

"Zinatakiwa. Hizi hata hazijatambulishwa." Akafungua nyuma, chini ya maboga ya mama. "Na betri yenyewe kubwa ndiyo hii. Imekufa zamani. Sijui nani wa huku anaweza kuifufua, mimi simo."

Trekta lililokuwa limebeba magunia ya mihogo likatuvuta. Mama alikataa katakata kurudi kwenye kiti chake cha mkuu wa wilaya. Akapanda juu ya magunia na jogoo wake, akawa anasalimiana na kila tuliyempita, amefurahi kweli. Mimi nikabaki peke yangu ndani ya gari, nashika usukani, nakula vumbi la trekta hadi Nachingwea. Na kwa kuwa mama alikuwa anasalimia kwa sauti, hakuna aliyeshindwa kutuona.

Sasa njia ya kuingia kwangu inapita mbele ya bucha.

Bakari alituona. Watu walikuwa wamejaa, wanasubiri nyama ya jioni. Akarudi ndani, akatoka na ile kulabu, ameinyanyua juu.

"Mleteni mgonjwa!" akapaza sauti. "Kulabu ipo wazi, na mara hii simtozi!"

Ulikuwa utani mzuri. Nasema leo, kwa moyo mweupe: ulikuwa utani mzuri sana. Angekuwa ni mwingine aliyevutwa na trekta, ningeusimulia hadi kiama. Lakini nilikuwa na vumbi mdomoni, na watu wanacheka, na mama yangu juu ya magunia naye anacheka. Nikafungua mlango.

"Mwizi wewe!" nikamwambia Bakari. "Uliwaazima mnyororo, mkagawana pesa yangu! Ulikula nao!"

Kicheko kikakatika kama redio iliyoishiwa betri. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akajaribu kuokoa mambo. "Kakasirika huyo! Kuku! Kuku!" Wengine wakadakia, "Kuku! Mmwera atoe kuku!"

Nilikuwa na jogoo wa mama palepale juu ya trekta. Ningemtoa tu, yangeisha, tungekula pilau.

"Sitoi kuku!" nikasema. "Nampeleka huyu kwa mtendaji!"

Nikafanya hivyo. Jumatatu nikampeleka mtani wangu ofisini kwa mtendaji wa kata. Hapa kwetu nimesikia watu wamewashtaki ndugu zao, wake zao, hata wazazi wao. Mtani? Sijasikia. Mimi ndiye wa kwanza, na natumaini wa mwisho.

Mtendaji alikuwa kijana mgeni, lakini wa mikoa hii hii. Akanisikiliza hadi mwisho. Akauliza:

"Huyu ndiye aliyekuuzia gari?"

"Hapana."

"Alikushawishi ununue?"

"Hapana. Lakini alijua kuwa injini ni ya kuunga!"

"Na hakukwambia?"

Nikakohoa.

"Mzee, alikwambia au hakukwambia?"

"Aliniambia," nikasema. "Ila aliniambia kwa utani."

Waliokuwa dirishani wakaanguka kwa kicheko. Mtendaji akajikaza, mkono mdomoni.

"Sasa mzee wangu, huyu ni mtani wako. Ulitaka akwambie kwa lugha gani?"

Bakari peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Nilimtazama nikitegemea jicho lile la ujanja, lile la kusema tutaonana bucha. Sikuliona. Akavaa kofia yake, akainyoosha vizuri.

"Bwana," akaniambia, "unisamehe. Miaka yote hii sikujua kama nakusumbua."

Bwana! Tangu nimjue, aliwahi kuniita mla panya, gunia la uvivu, mume wa kiti. Bwana hajawahi.

Wiki ile nikaenda bucha. Foleni ikanipisha, Bakari akanyanyua macho.

"Karibu, bwana. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Nipe kilo."

Akanikatia steki. Steki tupu, nyekundu, haina mfupa wala mshipa, imepimwa sawasawa, mshale umesimama pale unapotakiwa kusimama. "Ahsante, bwana. Karibu tena." Nikarudi nyumbani, mama Asha akamimina. Akatafuta chini kwa kijiko. Hakukuwa na ini.

"Leo umepewa nyama nzuri," akasema.

"Ndiyo."

"Pole, baba Asha."

Nikavumilia mwezi, labda na zaidi. Nikamwomba mama yule jogoo wake. Akanipa bila kuuliza, akaongeza na tetea. Nikawabeba hadi bucha, mbele ya watu, kwa makusudi.

"Mtani, kuku wako hawa. Nilikasirika, nakiri."

Bakari akafuta mikono yake kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kuku wa nini, bwana? Kuku ni faini ya watani. Sisi yetu yaliamuliwa ofisini, yakaisha." Akaniangalia kwa upole, na upole huo ndio ulioniua. "Rudi nao nyumbani. Mama yako atawahitaji."

Gari nililiweka uani. Mama Asha anaanikia mihogo juu ya boneti. Halijatoa sauti hadi leo, kwa hiyo Miwani katika hilo alisema kweli. Na Nkowe niliendelea kwenda, wasomaji, nilianza kwenda kweli, kwa baiskeli, maana mama alipochoka mjini akarudi kwake na sikuwa tena na udhuru wowote wa kuimba.

Miaka ikapita hivyo, mimi nakula steki.

Kisha mama akafariki. Si kwa ajali wala kwa gari, ni umri tu na miguu ile. Tukakusanyika Nkowe. Na katikati ya kilio, nitasema jambo la aibu: nilikuwa natazama njia. Nilikuwa najiambia, msibani hawezi. Msibani mtani hana hiari, lazima atanie. Atakuja, atanitukana, atalala njiani jeneza lisipite, nami nitampa chochote atakachotaka, hata nyumba.

Akaja. Kwa baiskeli, kutoka Nachingwea yote ile, kanzu yake nyeupe imejaa vumbi jekundu. Shangazi yangu alipomwona akafurahi hadi akasahau kulia.

"Myao wetu kafika! Leo jeneza halipiti bure!"

Bakari akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, bwana. Mungu akupe subira." Akatoa rambirambi yake. Akaenda kuketi kwenye mkeka pamoja na wageni waliotoka mbali. Vijana wengine wa Kiyao walikuwepo, tayari wameshapora sufuria moja jikoni. Wakamtazama yeye, mkubwa wao. Walipoona ameketi, wakairudisha sufuria, nao wakaketi.

Tukanyanyua jeneza. Kuna mahali njia ya makaburini inabana, kati ya mikorosho miwili, na watani siku zote husimama pale. Tulipokaribia, wabebaji wakapunguza mwendo wenyewe, hakuna aliyewaambia. Nikapunguza nami. Tukasogea. Tukasogea.

Hakuna aliyetuzuia.

Tukapita. Mama yangu, aliyecheka juu ya magunia ya mihogo, alipita moja kwa moja kama mtu asiye na kwao.

Baada ya mazishi shangazi hakuvumilia. Akamfuata Bakari palepale kwenye mkeka.

"Wewe Myao, leo umepatwa na nini? Umemwacha wifi yangu apite bure?"

"Mimi ni mgeni tu hapa, shangazi," Bakari akasema.

Alisema kwa adabu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikasikia.

Hayo ndiyo niliyofanya. Sasa ninyi wenzangu, hasa mnaojidhani mna akili ya darasani. Gari la haibridi nunueni kama mna pesa, mimi siwazuii. Kama limetembea sana na injini imebadilishwa, muulizeni muuzaji imetoka wapi, na kama inaongea na betri. Lakini zaidi ya hapo: ukiwa na mtani, siku atakapokuja nyumbani kwako bila kukutukana, akavuta kigoda akakaa, usicheke. Msikilize hadi mwisho. Na ukishindwa kumsikiliza, ukaumia, basi angalau usikasirike naye. Ukikasirika, toa kuku siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Kesho yake utakuwa umeshageuka bwana, na ubwana huo hauna fundi.

Jina langu silitaji, ila wa Nachingwea wote wameshanijua kuanzia kwenye lile trekta. Naandika gazetini kwa sababu moja. Pale bucha nyama hufungwa kwa magazeti ya zamani, na mwenye bucha huyasoma wakati hakuna wateja, nimemwona. Labda mwezi ujao au mwakani ukurasa huu utafika mikononi mwake, ukiwa umelowa kidogo.

Basi wewe Myao unayesoma: mizani yako ni ya kuiba, kisu chako ni butu, na ng'ombe wako wote hufa kwa uzee. Baiskeli uliyokuja nayo msibani kwangu ilikuwa inalia kuliko wafiwa. Na kulabu yako hiyo uliitundikia injini ukashindwa hata kuiuza kwa kilo, mfanyabiashara gani wewe?

Nimemaliza. Ukikasirika, ni kuku.